Baiskeli ya Mjomba Kioko Ikiwa Imejaa

Muthama,

Umeenda Katangi kumuaga susu yako, na kwa vile namjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala ukashiba, ukala tena, kisha ukaombewa hadi miguu ife ganzi. Atakuita "mume wangu" mbele ya majirani kama kawaida yake, kwa sababu wewe ndiye uliyepewa jina la marehemu baba yangu, nawe utaona haya na kucheka. Kwa hiyo nina jioni nzima peke yangu na meza hii ya jikoni. Muthokoi wa mahindi na maharagwe uko motoni, jua bado halijazama, na sanduku lako liko pale mlangoni. Kila nikiinuka kuongeza maji sufuriani ninaligonga kwa goti.

Kesho unaenda Kakamega kuanza kazi. Sitakuandikia habari za neti ya mbu wala za kupiga simu Jumapili. Hayo nimekwambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Baba yako naye alipiga simu kutoka Wamunyu, akaacha kuchonga kidogo, akasema, "Fanya kazi, heshimu watu," akakata. Nilisikia patasi yake ikianza tena kabla simu haijakatika vizuri. Huyo ndiye baba yako, na nadhani alilia baadaye.

Mimi nataka kukuandikia juu ya zile nguzo za Kithimani. Najua tumezicheka sana, wewe, mimi na mjomba wako. Tulicheka upesi mno, ndiyo maana sijawahi kukaa chini nikakwambia ulichonifanyia siku ile. Uso kwa uso siwezi, maana nikianza kusifu watu sauti yangu inageuka ya ugomvi, unajua. Kwenye karatasi afadhali.

Acha nianzie mbali kidogo, kuna sehemu huzijui.

Mjomba wako Kioko alipoteza sikio lake la kulia akiwa mdogo, kwa maradhi yaliyompata kabla sijazaliwa. Hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi tulivyokuwa tukienda shule. Tulifuata ukingo wa barabara ile ile inayotoka Thika kwenda Garissa, na malori yalikuwa yanatupita kutoka nyuma, upande wake wa kulia, upande ambao hasikii kitu. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo alitaka mimi niwe upande wa majani naye awe upande wa lami, kama kaka yeyote mwenye akili. Mimi nilikataa. Nilipanda upande wa lami, nikamshika shati mgongoni, na lori likija nilikuwa namvuta. Tuligombana kwa jambo hilo kila asubuhi mpaka alipomaliza darasa la nane. Aliona aibu kulindwa na msichana mdogo anayemfika kwapani. Lakini hakuwahi hata siku moja kuuondoa mkono wangu kwenye shati lake.

Baadaye mimi nikaenda kusomea ujenzi, yeye akanunua baiskeli na kuanza kuuza maji. Na barabara ikabaki ile ile, ila malori yakaongezeka na yakawa marefu zaidi. Nilikuwa nikikagua mitaro na kalvati za kupitisha maji chini ya barabara kwa watu wengine, Mwala, Masinga, huko kote, nikirudi nyumbani nauliza kwanza, "Kioko amefika?" Hata wewe ulipoanza kuongea vizuri ulikuwa unaniiga. Ulikuwa unasimama mlangoni na kopo lako la uji, "Kioko amefika?" bila hata kumwita mjomba, nami nakupiga kofi la mkono, sio la kuumiza.

Sasa unaelewa kwa nini waliposema Kithimani itajengewa njia ya wapita kwa miguu na baiskeli, kutoka kioski cha maji hadi sokoni, niliomba niwe mkaguzi wake kama mtu anayeomba dawa. Nilimsumbua bosi mpaka akaniambia, "Mama Muthama, chukua hiyo kazi uniachie masikio yangu." Nilifurahi mpaka nikanunua kofia mpya ya saiti, nyeupe, hiyo uliyokuwa unaiita sufuria.

Na niliikagua njia ile. Lazima niseme bila unyenyekevu, niliikagua kwelikweli. Ulikuja kufanya mafunzo yako ya kazini ikiwa imefika nusu, kwa hiyo hukuona nilivyowafukulisha watu wa mkandarasi udongo wa murram ulioshindiliwa ukiwa mkavu kama unga. Hukuniona nikimwaga maji kwenye lami mpya, hatua kwa hatua, kuona kama yanakwenda mtaroni au yanakaa pale pale kama wageni. Fundi mmoja alisema, "Huyu mama anaosha barabara badala ya kuikagua." Nilimsikia. Nikamwongezea kazi.

Kisha zikaja nguzo. Akina mama wa sokoni ndio waliozitaka, nawe ulikuwepo walipokuja wakiongozwa na Mama Syombua muuza nyanya. Walisema pikipiki za boda zitaingia kwenye njia yao mpya na kuwakanyaga vidole. Walikuwa na haki. Tukakubaliana kuweka nguzo fupi za zege kwenye kila mlango wa njia, zilizokaribiana kiasi cha kupitisha mtu, kiti cha magurudumu na baiskeli, lakini pikipiki ikijaribu ijikwaruze, iache. Mchoro ulikuwa na kipimo chake. Lakini mimi sikutaka kuamini mchoro peke yake. Nilisema, njia hii ni ya watu wa maji, nitaipima kwa baiskeli ya maji yenyewe. Niliona nimekuwa mjanja sana. Nikamwita Kioko.

Hapa ndipo nilipokosea, mwanangu, na nataka uone vizuri lilivyokuwa kosa la mtu anayejua. Mtu asiyejua Kithimani asingelifanya.

Kioko alikuja asubuhi akitoka sokoni kwenda kioskini. Unajua anavyobeba. Akienda, mitungi ni mitupu, amekusanya yote na kuifunga juu ya keria kwa mpira, mmoja juu ya mwingine, mpaka baiskeli inaonekana kama imebeba kabati. Ni ndefu juu lakini nyembamba. Akirudi, mitungi imejaa, haiwezi kukaa juu, baiskeli itapinduka. Anaining'iniza ubavuni, miwili huku, miwili huku, chini karibu na ekseli, na mmoja juu katikati. Baiskeli inakuwa pana kama ng'ombe mwenye mimba. Kila mtu wa Yatta anajua hivyo. Mimi nimekuwa nikiiona tangu anunue hiyo baiskeli. Na asubuhi ile, nikiwa na kofia yangu mpya, injinia yuko kando, watu wa mkandarasi wako kando, nilimwambia kaka yangu, "Haya, pita nione," naye akapita katikati ya nguzo na mitungi mitupu, taratibu, bila kugusa. Nikapiga makofi. Nikaandika kwamba imepita.

Nguzo zikakauka. Njia ikaanza kutumika polepole hata kabla ya kukabidhiwa. Nami nikaacha kuuliza kama Kioko amefika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliacha kuuliza.

Wewe ndiye uliyeona. Ulikuwa na wiki chache tu pale, umetumwa kubeba ile rula ndefu ya alumini, na mtu mwingine wa umri wako angekuwa anatazama simu. Wewe ulitazama chini. Uliniambia baadaye kwamba uliona matone. Mtungi wa bluu wa mjomba wako una ufa uliozibwa kwa sabuni, na sabuni ile haizibi vizuri, kwa hiyo popote anapopita na maji anaacha matone upande wa kushoto, vishimo vidogo kwenye vumbi. Uliyafuata kutoka kioskini. Yalikwenda sawasawa hadi kwenye nguzo zangu, yakasimama pale, yakawa dimbwi dogo kama la mtu aliyesimama akafikiri. Halafu yakakata kushoto, yakateremka kwenye ukingo wa barabara ya lami, yakaendelea hadi sokoni kando ya malori. Kando yake kulikuwa na njia nzima, mpya, laini, haina tone hata moja la maji.

Jioni ile tukiwa mezani uliniuliza, "Mama, kwani zile nguzo zilipimwa na nini?"

Nami nikakurukia. Nakumbuka maneno yangu yote, nilisema, "Zilipimwa na mjomba wako mwenyewe, na baiskeli yake mwenyewe, na mimi mwenyewe nikiona! Wewe umefika juzi, uko na swali gani?"

Ukasema, "Hapana, nilikuwa nauliza tu." Ukaomba chumvi.

Muthama, nimekagua kazi kwa miaka mingi, nimekutana na mainjinia na mafundi na wakubwa wa kila aina, na sijaona mtu aliyejua jambo zito namna ile akaomba chumvi. Mimi ningepiga meza. Ningesema, twende sasa hivi na tochi. Wewe uliendelea kula, na mimi nikadhani umeogopa. Nitakwambia ukweli, nilisikitika kidogo usiku ule. Nilisema moyoni, huyu mtoto ni mpole mno, saiti zitamla. Niliwaza kumwambia baba yako akutafutie kazi ya ofisini.

Kumbe ulikuwa unajifunza kuendesha. Kioko alinisimulia mwezi uliofuata, akicheka mpaka machozi, jinsi ulivyomwomba baiskeli jioni, imejaa, ukaipeleka uwanja wa shule, ukaanguka nayo, ukainuka, ukaanguka tena, mitungi ikakumwagia maji mpaka kwenye soksi. Alikuuliza, "Wewe kijana wa diploma, unatafuta nini na maji yangu?" Ukamwambia unataka kuona inavyosikika mikononi. Yeye hakujua ulichokuwa unapanga. Na aliniambia ulimuuliza mara moja tu kwa nini hapiti njiani, ukimsemea kwenye sikio zima, naye akakujibu, "Wacha hiyo maneno, mamako asisikie." Hukumsukuma zaidi.

Halafu ikafika siku ya ukaguzi wa mwisho. Injinia alikuja kutoka Syokimau, na yule mwakilishi wa mkandarasi mwenye viatu vya ngozi, na Mama Syombua na wenzake, na mwenyekiti wa watu wa boda amevaa koti lake la njano. Watu walikuwa wengi kioskini kwa sababu walisikia njia itafunguliwa juma lile. Kila mtu alikuwa na haraka, na mimi ndiye niliyekuwa na haraka kuliko wote. Wewe tu ndiye hukuwepo. Nilikuwa nimeshakupangia maneno ya kutosha kukulisha mpaka Krismasi.

Ndipo nikakuona unatoka kioskini juu ya baiskeli ya Kioko. Mitungi imejaa, inaning'inia huku na huku, wewe umetoa ulimi kama ulivyokuwa ukifanya ukiandika darasa la kwanza. Ulikuwa unayumba. Watu wakapisha. Ukafika kwenye nguzo, ukaingia, na mitungi ikagonga zege kushoto na kulia kwa pamoja, kifuniko kikaruka, maji yakamwagikia viatu vya ngozi vya yule mwakilishi. Ukabaki umekwama pale katikati, si mbele si nyuma, kama mbuzi kwenye ua.

Watu wakacheka. Ninakuona mpaka sasa. Ulicheka nao. Ukasema kwa sauti, "Pole sana, mimi ndio sijui kuendesha. Injinia, hebu nisaidie, wewe uko na nguvu."

Na yule injinia, Mungu ambariki, ni kijana mzuri, akasema, "Leta hapa, mimi nimekulia kwa baiskeli," akakunja suruali. Akakwama. Akajaribu kinyumenyume. Akakwama. Msimamizi wa mafundi akasema ni kwa sababu wote wawili ni watu wa shule, akachukua yeye, akakwama vibaya kuliko wote, mpaka Mama Syombua akaita, "Aiya! Hata wewe uliyezijenga!" Kila mtu alicheka, na hakuna aliyemcheka mtu fulani. Ulikuwa umewafanya wote wakwame kwa zamu, wewe wa kwanza.

Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Nikamtafuta Kioko kwa macho, nikamwona amesimama nyuma ya kioski, anatazama vidole vya miguu yake. Nikamwendea kwenye sikio zima, nikamuuliza, "Kioko, wewe ukijaza maji unapitanga wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea barabarani. Lori la ng'ombe la Garissa lilikuwa linapita wakati huo huo. "Si hapo tu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kwani nimeanza leo?"

"Na siku ile nilikwambia upite, mbona hukusema?"

Akaitazama kofia yangu. Halafu akasema, "Ulikuwa umefurahi sana. Uko na hiyo kofia yako, wakubwa wako wamekusimamia hapo. Nikaona sasa nikisema hii kitu haipiti, nitakuwa nimekufanyia nini? Mimi barabara nimeizoea."

Niliketi kwenye jiwe la ukingo. Nilikuwa nimemshika shati kaka yangu utoto wangu wote, halafu nilipopewa njia nzima ya kumjengea, nikamfungia nje. Naye akaona ni afadhali apite na malori, hasikii, kuliko kuniaibisha mbele ya wenzangu. Nililia pale, Muthama. Ulidhani nilikuwa nafuta jasho kwa sababu nilikwambia nafuta jasho.

Kilichofuata unakijua, lakini acha nikiandike kwa sababu kilikuwa kigumu na watu wanapenda kukisahau. Injinia alisema wazi kwamba nguzo zikitanuliwa kiasi cha kupitisha mitungi, pikipiki nazo zitapita. Alikuwa sahihi. Mama Syombua akaacha kucheka. Wenye haraka wakaanza kunung'unika kwamba njia haitafunguliwa juma lile, na yule mwenye viatu vilivyolowa akaniambia, "Lakini madam, si ulishaikubali?" Nikamwambia, "Niliikubali ikiwa tupu. Sasa ninaikataa ikiwa imejaa." Nilijisikia mwanamke mrefu kuliko nilivyo, na nguvu hizo ulinipa wewe. Ulinitengenezea mahali pa kusimama. Ungeniambia mezani, tungebishana mpaka muthokoi upoe, na asubuhi ningekwenda kazini kutetea nguzo zangu.

Na wewe ndiye uliyekwenda kukaa na watu wa boda chini ya kibanda chao, siku nzima, ukila mahindi yao. Sikukutuma. Uliwauliza kila mmoja mama yake anapita wapi akienda sokoni. Ukarudi na yule mwenyekiti wa koti la njano, naye akasema watahamishia steji yao pale pale mlangoni mwa njia, na mwenzao akiingia na pikipiki watamalizana naye wao wenyewe. Injinia akakubali, nguzo zikatanuliwa. Sikudanganyi, bado wapo wanaoingia alfajiri wakidhani hakuna anayeona. Juzi nimemfukuza mmoja kwa mwiko, nilikuwa nimetoka nao jikoni nikasahau. Lakini ni wachache, na wanaona haya.

Na Kioko anapita. Asubuhi mtupu, mchana amejaa. Kuna wakati ninasimama kioskini bila kazi yoyote nimtazame tu. Matone yake sasa yanakwenda moja kwa moja katikati ya njia hadi sokoni.

Ninachotaka ujue kabla hujapanda hilo basi kesho ni kwamba nakuheshimu. Kukupenda nilianza kabla hujazaliwa, hilo si sifa yako. Kukuheshimu ulinilazimisha. Niliogopa upole wako, nikaona ni udhaifu, na nilikuwa nimekosea kama nilivyokosea nguzo, kwa sababu niliupima ukiwa umekaa mezani unaomba chumvi. Sikuwa nimeuona umebeba kitu. Ulipobeba, ulibeba aibu ya watu wazima watatu au wanne mbele ya soko zima, ukacheka, na hukumdondoshea mtu yeyote. Mimi siwezi hivyo. Natamani ningeweza.

Kakamega siijui vizuri. Nasikia huko baiskeli hubeba kila kitu, ndizi, miwa, magodoro, kuku waliofungwa miguu, na mama mzee ameketi ubavu nyuma na mwavuli. Watakupa mchoro mzuri na watakupa watu wa kukuonyesha njia. Kabla ya hayo nenda kaketi mahali watu wanapopita, uone wanavyokwenda na uone wanavyorudi, kwa sababu mtu hupita mara mbili na mimi nilimtazama mara moja. Nenda mvua ikinyesha pia, ukalowe. Mimi niliwahi kusifu kalvati moja kule Mwala wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza ikalipita pembeni kama halijulikani. Na ukitaka mtu wa kukujaribia kazi, usimwite anayekupenda. Atapita tu. Atajikunja, atavuta pumzi, atapita ili ufurahi, halafu ataenda kuhangaika mahali usipomwona. Tafuta muuza miwa mwenye hasira, asiyekujua jina.

Utakosea. Siandiki hivyo kukutisha. Utakikubali kitu ambacho hakifai, labda siku utakayokuwa umevaa vizuri na kila mtu anakutazama. Ukikigundua, usikae muda mrefu kwenye jiwe la ukingo kama mama yako. Lia kidogo, kisha inuka ukaseme kwamba unakikataa. Na kama kuna kijana anayekuuliza swali wakati wa chakula, weka kijiko chini umsikilize.

Sasa jua limezama, nimewasha taa, na mjomba wako amepita hapa hivi punde. Amekuja kwa miguu akiikokota baiskeli, si kawaida yake. Anasema kesho hauzi maji, hoteli za sokoni zitafute kwingine asubuhi moja, hazitakufa. Ameiosha baiskeli yote, hata spoku, na ameitia mafuta. Anataka kukubebea sanduku kwa ile njia mpaka stendi. Nilimwambia umeshapanga kuchukua boda, akageuza sikio bovu kwangu kwa makusudi, unajua anavyofanya akiwa hataki kusikia. Kwa hiyo kesho utatembea upande wake wa kulia, na ukipenda unaweza kumshika shati, hatauondoa mkono wako.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Aliniuliza kama sanduku lako litapita kwenye nguzo.

Nimetoka naye nje, tumelifunga kwenye baiskeli pamoja na kile kifurushi cha maharagwe na blanketi ulilosema hulitaki, kila kitu kikiwa ndani, na tumeenda hadi kwenye nguzo, mimi nikisukuma kwa nyuma.

Linapita, baba. Likiwa limejaa.

Mama yako